Zilipendwa na Zinazopendwa

Wanafunzi wangu hubishana juu ya jambo ambalo mtu mzima aghalabu hulipuuza: ni lini mchezo wa video, au mtambo unaouchezesha, hustahili kuitwa wa kale? Wengine hutaka miaka kumi, wengine ishirini; wengine husema mtambo ni wa kale vizazi viwili vya wenzake vikishaupita. Hoja hizi zote zaegemea kalenda, na kalenda yenyewe ni ya mahali pengine.

Tazama mwaka 1994. Mwezi wa Desemba PlayStation ya kwanza iliuzwa Japani. Mwaka huohuo ITV ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam, na Tanzania Bara, iliyokuwa haina kituo chochote cha televisheni, ikaanza kuona picha zake yenyewe. Ndugu zetu wa Unguja walikuwa wametutangulia kwa miaka ishirini hivi. Basi mitambo ya kanda, iliyoiga ile ya Nintendo ya mwaka 1983, ilipotufikia ilikuta kioo kipya na macho mapya. Huko ilikotoka ilikuwa imekwisha kuzeeka. Kwetu ilikuwa ajabu ya mtaa mzima.

Lugha yetu haikosi maneno ya kupimia jambo hili. Nguo ni kuukuu kwa kuchakaa, hata kama ilinunuliwa juzi. Chama ni kikongwe kwa kudumu. Na kale ni wakati ambao hatuishi tena ndani yake. Walakini neno ninalolipenda zaidi halikutungwa na wanazuoni. Ni zilipendwa, ambalo redio ililizoesha masikio yetu kwa nyimbo za bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964. Itazame silabi ile ya -li-. Haisemi nyimbo zina miaka mingapi. Yasema tu kwamba pendo lile lilikuwa na wakati wake, na wakati huo umepita. Azirudiaye leo huzirudia kwa hiari, akijua kuwa anarudi.

Sasa ingia Kariakoo. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na mwaka 2013 ulipoanza Sony ilikuwa imekoma kuziunda. Kwa kalenda ile ni ya kale bila shaka. Lakini pita vichochoro vya Gerezani jioni, watoto wakishatoka shule. Mvulana ametoa sarafu yake, ameshika pedi iliyolika vitufe, anacheza Pro Evolution Soccer. Toleo la mwisho la mchezo huo kwa mtambo huu lilitoka mwishoni mwa 2013. Hata hivyo majina ya wachezaji ni ya msimu huu, kwa kuwa wapo mafundi wayabadilishao na kuyauza kwa flashi. Mvulana yule hakumbuki chochote, anatafuta bao. Mtambo ni mkuukuu, naam, lakini -li- haijaufikia.

Labda msomaji ataona nabishania neno tu. Neno hupandisha bei. Mtambo ukishaitwa wa kale hununuliwa na mwenye sebule, hupanguswa vumbi, hufungiwa kabatini. Na mwenye kibanda, aliyezoea kununua wa pili ili apate vipuri vya wa kwanza, hataumudu tena. Mwanafunzi wangu mmoja alinunua wa namna hiyo kwa furaha kubwa. Simlaumu, ila nilimwuliza kama amewahi kuucheza.

Upande wa pili nao una uzito: kisichoitwa cha kale hakitunzwi. Kanda nyingi za miaka ya tisini zimekwisha potelea jalalani, na lenzi za kusomea sahani zinakufa moja moja. Kwa hiyo nawahimiza vijana wasingoje jina. Waandike sasa, maadamu mwenye kibanda yupo wa kuulizwa: bei ya mchezo mmoja, pedi iliyokazwa kwa mpira wa baiskeli, na jinsi aliyefungwa anavyoinuka kumpisha mwenzake bila kuambiwa.