Kutoka Katuna Hadi Huye: Majani na Maabara

Nilipokuwa nikijiandaa kwa safari ya Rwanda, mama mzee mmoja, jirani yetu hapa Kabale, aliniita. "Mwalimu," alisema, "uniletee umuravumba. Mjukuu wangu hajachanjwa surua, na mtoto wa jirani ameugua." Niliitikia, "Ndiyo, mama," nikaondoka na mashaka moyoni.

Basi lilivuka mpaka pale Katuna, likapita Kigali, likateremka hadi mto Nyabarongo, kisha likapanda vilima kuelekea kusini mpaka Huye, mji ulioitwa Butare hadi mwaka 2006. Juu ya kilima cha Ruhande pana chuo kikuu na msitu wa kupandwa wenye mikaratusi mirefu. Umuravumba huota penye nyua za wenyeji. Ukiyafikicha majani yake, harufu kali hubaki vidoleni.

Mji huu una sifa katika elimu ya mitishamba. Mwaka 1995, watafiti waliofanya kazi hapa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mimea 100 itumiwayo na waganga wa Rwanda. Katika upimaji wa namna hii, dawa iliyokamuliwa katika mmea huwekwa pamoja na virusi penye chembe hai zilizooteshwa maabarani. Chembe zikisalimika, mmea una nguvu. Lakini sharti ihakikishwe kwamba dawa yenyewe haiziui chembe hizo, kwani moto uuao nyoka waweza kuteketeza nyumba pia.

Mimea 27 ilionyesha nguvu dhahiri: 12 juu ya virusi vya polio, 8 juu ya vile vya malengelenge ya midomo, na mitatu juu ya virusi vya Semliki, vilivyopatikana mwaka 1942 katika msitu wa nchi yetu ya Uganda. Juu ya surua ilikuwa miwili tu.

Basi, wazee wetu hawakuwa wakibahatisha. Hata hivyo, ndugu msomaji, chupa ya maabara si mwili wa mtoto. Kilichofaulu chupani bado hakijawa tiba.

Niliporudi nilimkabidhi mama mzee fungu la majani, kwa kuwa ahadi ni deni. Nikamwambia, "Mama, haya watu huyatumia kwa kikohozi. Surua huzuiwa kwa sindano."

Alinyamaza kitambo, akamfunga mjukuu mgongoni, tukaongozana hadi zahanati.