Umeme Wenye Kiasi

Umeme ni kama mto: ukikaa ndani ya kingo zake hunywesha shamba, ukizivunja huliangamiza. Kidhibiti volteji ndicho kingo za umeme. Mimi hupenda kuunda vyombo vya umeme kwa mikono yangu, na katika burudani hiyo hakuna chombo kilichonifunza mengi kuliko hiki.

Tuseme, msomaji, unayo betri ya volti 12, nawe wataka volti 5 za kulisha vyombo vyako kwa mkondo wa ampea 3. Kidhibiti kidogo kiitwacho 7805 hutoa volti 5 barabara, lakini nguvu zake hukoma kwenye ampea 1 na nusu hivi. Hapo ndipo mimi huweka transista mbili za MJ2955 ubavuni mwake. 7805 hubaki kuwa mwamuzi wa volteji. Transista hubeba mzigo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini wachukuzi wawili hawafanani. Transista iliyopata joto hupitisha mkondo zaidi, na mkondo huo huizidishia joto, hata ikaungua hali mwenzake amekaa bure. Kwa hiyo hutia rezista ya ohmu 0.1 kwenye emita ya kila moja: anayejitwika zaidi hurudishwa nyuma, na mzigo hugawanyika kwa haki.

Sasa piga hesabu. Volti 12 ukitoa 5 hubaki 7. 7 mara ampea 3 ni wati 21. Zote hizo ni joto, ilhali vyombo vyako vimepata wati 15 tu. Bati la kupozea likipanda nyuzi 2 kwa kila wati, litaipita hewa kwa nyuzi 42. Na Mombasa, hewa ikiwa nyuzi 32, litafika 74 na kukuunguza kidole. Vitabu huisifu MJ2955 kwa wati 115, lakini sifa hiyo ni ya gamba lililo kwenye nyuzi 25. Usiipokee sifa bila ya sharti lake.

Tena transista ikifa, mara nyingi hufa mlango wazi: volti 12 huingia palipotakiwa 5, na redio ya jirani uliyoazima huangamia. 7805 hujilinda yenyewe. Haiwalindi wasaidizi wake. Basi tia fyuzi ya ampea 5 upande wa betri, na thairista mlango wa kutokea, ambayo volteji ikizidi huwa njia ya mkato, fyuzi ikakatika.

Fyuzi hununuliwa tena kwa senti chache. Imani ya jirani haiuzwi dukani.