Msomaji wa nyumbani naye ana haki ya kiti

Tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kianzishwe mwaka 1992, kusoma bila kuhama nyumbani si jambo geni nchini. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, wengi zaidi waligeuza simu kuwa darasa. Hapa Manyovu, miongoni mwa waumini wa msikiti wetu, wamo wanaosoma hivyo hadi leo. Familia hujadili ada na vifurushi vya intaneti. Mwili wa msomaji hautajwi.

Dada mmoja, mwanafunzi wa stashahada, alikaribia kuacha masomo kwa sababu ya shingo. Kila usiku, watoto wakishalala, aliketi kitandani, blanketi mabegani kwa baridi ya huku milimani, simu mapajani, akainama kwa muda wa saa tatu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kadiri kinavyoinama ndivyo mzigo wa shingo unavyozidi. Maumivu yalishuka mabegani, kisha ganzi ikaingia vidoleni.

Marufaa huinua msahafu kwa heshima ya Kitabu, na papo hapo humpunguzia msomaji kuinama. Tukamwomba seremala atengeneze kibao cha mfano huo, kirefu zaidi, cha kuegemeza simu. Mumewe naye akaondoa televisheni juu ya meza pekee ya nyumba, akamwachia mkewe.

Kanuni ni moja: kioo kiufuate uso, uso usikifuate kioo. Mgongo uegemee kiti. Pakiwa na uwazi kiunoni, kanga iliyokunjwa yatosha. Nyayo zikanyage sakafu, na zikining'inia, ziwekewe tofali. Mwanga wa dirisha utoke ubavuni. Kila baada ya dakika 20, macho yatazame mbali, walau mita 6, kwa sekunde 20. Kila nusu saa msomaji asimame, anyooshe viungo. Ganzi isiyoondoka ipelekwe hospitali.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Basi kijana anayelalamikia mgongo asiitwe mvivu kabla hatujatazama anapokaa. Dada yetu bado hajapona kabisa, lakini ganzi imepungua na masomo yanaendelea. Meza ile ilikuwamo nyumbani siku zote. Kilichohitajika ni uamuzi wa familia. Wabillahi tawfiq.