Kanuni ya Maji Kupwa

Wanachama wenzangu, hisabati iko hata mwambani. Hapa Wasini mwezi ukiandama maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa wastani wa dakika 50, kwa kuwa mwezi nao huchelewa. Basi siku ya n ni saa nne jumlisha dakika 50(n − 1). Rahisi mno!

Lakini bibi yangu, mchokoa pweza, hataki wastani. “Mjukuu wangu, bamvua halichelewi hivyo. Maji mafu ndiyo hukokota miguu.” Kweli: siku za bamvua tofauti haifiki 50, za maji mafu hupita saa nzima. Akifuata 50 wakati wa bamvua atakuta mwamba waanza kufunikwa, na kitoweo hakuna. Tofauti zenyewe hupungua, huongezeka, hupungua tena, kila siku 15 hivi. Mstari ulionyooka hauzitoshi; zataka grafu ya wimbi.