Mungu Hakuniacha na Kichwa Changu

Dada unayefunga kilemba hata chumbani, nakuandikia wewe.

Baada ya kujifungua mtoto wa pili nywele zilianza kunyonyoka utosini. Wakubwa wakanituliza: ni uzazi, zitarudi. Za wengi hurudi kweli. Zangu hazikurudi. Nilipaka mafuta ya nyonyo, nikapaka maji ya vitunguu, wapi! Mwisho msusi akaninong'oneza, "Dada, hapa katikati hapashikiki tena."

Mtaani wakasema nimeathirika. Nilipima, nikawa salama. Lakini majibu ya hospitali utayabandika mlangoni?

Ikafika harusi ya wifi yangu. Tulikuwa ndani tunajipamba. Mtu akavuta mtandio wangu, wigi likaja nao. Chumba kikanyamaza. Mmoja akacheka. Nikakimbilia chooni. Nikafunga mlango. Machozi hayakuja. Nilitetemeka tu. Nikasema, Ya Rabi, nifiche. Mama akagonga. Sikufungua. Akakaa chini pale nje, akawa ananisomea dua mpaka nikafungua.

Mume wangu hakusema mengi. Alitafuta pesa, akanipeleka kwa daktari wa ngozi. Nikapimwa wingi wa damu na tezi ya shingo. Kumbe ni upara wa kurithi, ambao huwapata hata wanawake: mashina ya nywele husinyaa, kila unywele unaoota ukawa mwembamba kuliko uliotangulia. Daktari akaniandikia dawa ya kupaka iitwayo minoksidili, na matibabu ya kigurudumu chenye sindano fupi. Alisema vijeraha vya sindano hizo huuamsha mwili ujitibu, na mashina yaliyolala huamka nao. Yaliyokufa hayaamki. Akanitajia utafiti wa India wa mwaka 2013: wanaume 100, wiki 12, waliochomwa sindano na kupaka minoksidili waliota nywele nyingi kuliko waliopaka tu. "Ila wale walikuwa wanaume," akaongeza, "kwa hiyo sikuahidi."

Nilipakwa ganzi. Kigurudumu kikapita mbele, nyuma, mshazari. Vitone vya damu vikachomoza, nesi akavifuta kwa shashi. Mama alinishika mkono. Siku hiyo nikakatazwa kupaka dawa.

Mwanzoni zilizidi kudondoka. Nilikata tamaa. Daktari akasema minoksidili huanza hivyo kwa baadhi ya watu, nivumilie. Miezi ikapita. Jioni moja mama akanivuta mlangoni penye mwanga. "Vinaota," akasema. Vinywele vilikuwa laini, vifupi, vingi.

Alhamdulillahi. Hazijajaa zote, na dawa naendelea nayo, maana nikiacha zitapukutika. Bado kila asubuhi naukagua mto kabla sijatandika.

Dada, wahi kwa daktari wa ngozi mashina yakiwa hai. Usinunue kigurudumu ujichome mwenyewe, wala usiazime cha mtu. Damu hubeba magonjwa. Kama una mapunye au kidonda, subiri kipone. Kama makovu yako huvimba, mwambie daktari kabla hajakugusa. Na usiende peke yako. Mwambie mama, dada au mume akusindikize. Inshallah, utavuka.