Kubwa ni Ipi? Tazama Kabla ya Kuhesabu

Wasomaji wenzangu, watu wengi wanadhani kwamba hesabu ni kutafuta jibu tu. Mimi nasema kwamba hesabu ni kutazama kwanza. Mara nyingi ukitazama vizuri, unajua upande upi ni mkubwa. Huhitaji karatasi wala kalamu.

Nilijifunza jambo hili katika darasa letu la kisomo. Mwalimu aliandika ubaoni 48 + 27 na 48 + 29. Akauliza, "Upande upi ni mkubwa?" Mzee mmoja akajibu upesi, "Wa pili." Kisha akaeleza: "48 iko pande zote mbili. Iache. Tazama kilichobaki. 29 inaizidi 27."

Mizani ya dukani hufanya vivyo hivyo. Ukiondoa jiwe la kilo moja kila upande, upande uliokuwa mzito unabaki mzito.

Sasa tazama 36 + 28 na 35 + 29. Namba ya kwanza imepungua moja. Ya pili imeongezeka moja. Kwa hiyo pande zote mbili ni sawa. Tunaandika 36 + 28 = 35 + 29. Alama hii ya mistari miwili iliandikwa na Robert Recorde katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1557. Alichagua mistari miwili yenye urefu sawa.

Katika kutoa na kugawanya tuwe waangalifu. Kati ya 90 - 40 na 90 - 45, ya kwanza ndiyo kubwa. Anayetoa zaidi hubakiwa na kidogo. Na 120 ÷ 6 ni kubwa kuliko 120 ÷ 8. Walaji wakiwa wengi, fungu la kila mmoja huwa dogo.

Je, jambo hili lina faida gani kwa mkulima? Nitawaeleza yaliyonipata.

Mwaka juzi nilikuwa na gunia la choroko la kilo 37. Bei ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Mnunuzi akaniambia, "Mama, tutoe kilo moja kwa ajili ya gunia na uchafu. Nami nitakuongezea shilingi 20 kwa kila kilo." Majirani wakasema hiyo ni nyongeza nzuri.

Mimi nilitazama kwanza. Kilo 36 kwa shilingi 1,200 zilikuwa pande zote mbili. Hizo nikaziacha. Nikatazama kilichobaki. Upande mmoja ni kilo yangu moja, yaani shilingi 1,200. Upande wa pili ni shilingi 20 kwa kila kilo katika kilo 36. Hata zingekuwa kilo 40, nyongeza ingekuwa shilingi 800 tu. Haifiki 1,200.

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Nilipe kilo zote 37 kwa bei ya kwanza." Akanilipa.

Lakini jirani yangu alikuwa na gunia la kilo 100. Naye akaniuliza, "Na mimi nikatae?" Nikamjibu, "Wewe kubali." Kilo 60 zinatosha kuleta nyongeza ya shilingi 1,200. Yeye angebaki na kilo 99. Kwa hiyo nyongeza yake ilikuwa kubwa kuliko kilo moja aliyotoa.

Maneno ya mnunuzi yalikuwa yale yale. Kwangu yalikuwa hasara, kwa jirani yalikuwa faida. Kwa hiyo usikubali wala usikatae kwa kufuata wengine. Tazama namba zako mwenyewe. Acha kilicho sawa pande zote. Pima kilichobaki.

Sasa jaribuni nyumbani bila kuhesabu jibu. Kubwa ni ipi?

64 + 38 au 65 + 37?
80 - 29 au 80 - 31?
25 × 9 au 26 × 9?

Kisha hesabuni ili mhakikishe.