Serikali Inaniuliza Kitu Inachokijua

Wasee, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Majuzi nilikuwa najaza fomu ya basari. Mahali fulani imeandikwa: ambatisha nakala ya cheti cha kifo cha mzazi. Sawa. Baba aliaga nikiwa kidato cha pili. Nikaingia saiba pale stejini, nikatoa kopi ya hicho cheti, ya cheti changu cha kuzaliwa na ya kitambulisho cha mama, kisha nikapanga foleni nipigiwe muhuri. Karani akaangalia, akasema kopi haisomeki, lete orijino. Orijino iko kwa shosho, Nyeri. Na basari ilikuwa inafungwa kesho yake.

Nikiwa kwenye mat ndio nikajiuliza: cheti hiki nani alikitoa? Serikali. Na sasa nani anataka nimthibitishie kwamba baba hayuko? Serikali hiyo hiyo.

Usiku huo sikulala, nikasoma vile wenzetu wanafanya. Estonia ina watu kama milioni 1.3, yaani Nairobi pekee inawashinda mara tatu. Tangu 2001 wana mfumo unaoitwa X-Road. Si eti data zote zimerundikwa kwenye kompyuta moja kubwa. Kila ofisi inakaa na rekodi zake, lakini ofisi nyingine ikihitaji kitu, inaiuliza ile ofisi, sio wewe. Ukishatoa taarifa mara moja, imetosha. Na unaweza kuingia mtandaoni ukaona nani alichungulia rekodi zako. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Sisi tuna eCitizen tangu 2014, na siwezi kuidharau. Kulipia pasipoti ukiwa kitandani si jambo dogo. Huduma zilipita 5,000 mwaka 2023, serikali ilisema. Lakini kuweka fomu mtandaoni na kufanya ofisi ziongee ni vitu viwili tofauti. Huduma Namba nayo ilikwama mahakamani Oktoba 2021, kwa sababu kadi zilianza kutolewa kabla ya kupimwa zingehatarisha vipi data zetu. Mimi naona korti ilikuwa sawa. Nataka ofisi ziongee, ndio, lakini sitaki zinisengenye.

Kuna wanaosema dawa ni mfumo mmoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Hapo mimi napinga. Hata Umoja wa Ulaya haukujenga portali moja ya kumeza za nchi zote. Walipitisha sheria 2014 na kufikia Septemba 2018 kila nchi ilitakiwa kukubali vitambulisho vya kidijitali vya wenzake vilivyosajiliwa rasmi. Kila mtu na mlango wake, ila funguo zinatambulika. Hata hivyo mambo hayajanyooka. Mfumo wao wa kubadilishana hati kati ya nchi ulipaswa kuwa tayari Desemba 2023, na nchi kadhaa zikachelewa. Amri ya juu haiwezi kupanga faili ambazo zimekushinda nyumbani.

Sisi huku, Mkenya amekuwa akivuka Busia kwa kitambulisho tu tangu 2014, kwa makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda. Poa sana. Lakini hayo ni makubaliano ya kadi, afisa anaiangalia kwa macho. Umoja wa Afrika nao una mkakati wa kidijitali wa 2020 hadi 2030. Nimeusoma, ni mtamu. Lakini kabla Kampala iongee na Nairobi, naomba ghorofa ya pili iongee na ghorofa ya tatu.

Kesho yake nilitoka Nyeri asubuhi na orijino. Jam ikatushika, nikafika saa kumi na nusu, dirisha limefungwa. Mlinzi akaniambia pole, akaniuliza cheti ni cha nani. Nikamwambia.

Sasa kiko kwenye bahasha ya plastiki ndani ya begi langu. Shosho aliniambia nisikirudishe mpaka basari ifunguliwe tena.